Mashine Isiyopokea Simu

Mwaka 1979, mjini Tokyo, Sony ilichukua Pressman, kinasa sauti kidogo cha waandishi wa habari, ikakinyang'anya kazi yake ya kunasa. Masaru Ibuka, mmoja wa waasisi wa kampuni, alitaka tu kitu cha kusikilizia muziki kwenye safari ndefu za ndege. Wengi pale kazini walitia shaka: nani atanunua mashine ya kaseti isiyorekodi? Mwenzake, Akio Morita, akashikilia. Walkman ikaingia sokoni tarehe 1 Julai kwa yeni 33,000. Ilikuwa na matundu mawili ya visikilizio na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonya, muziki unafifia ili wasikilizaji wawili wasemezane. Morita aliona si adabu mtu kujifungia na muziki wake huku mwenzake ameketi kando. Miaka michache baadaye kitufe kile kikaondolewa. Kumbe wanunuzi walikuwa wanataka kule kujifungia.

Kwa hiyo swali la iwapo kicheza muziki cha skrini ya kugusa kiuzwe bila simu ndani yake halikuzaliwa na iPhone. Ni swali la Pressman lilelile, limevaa kioo.

Kaseti yenyewe, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, huku Pwani ilifuata njia nyingine. Redio kaseti iliwekwa barazani, taarabu ikawa ya mtaa mzima, upende usipende.

Oktoba 2001 Apple ikatambulisha iPod: gigabaiti 5, dola 399, nyimbo elfu moja mfukoni. Haikupiga simu, na hakuna aliyedai ipige. Lakini mifuko ilikuwa imeshaanza kujaa, simu huku, nyimbo kule. Mwaka 2005 Motorola ikatoa ROKR, simu yenye iTunes, nayo ikafungwa isibebe zaidi ya nyimbo 100 hata ukiwa na nafasi. Sijaona mfano bora wa kuunganisha vitu viwili shingo upande. Mwaka huohuo Sony Ericsson iliipa simu yake jina la Walkman, nayo ilijua inachokifanya.

Kisha ukaja 2007. iPhone ilianza kuuzwa Juni. Septemba ikafuata iPod touch, umbo lilelile ila bila laini, bila kamera, bila hata maikrofoni. Kwa mzazi aliyetaka kumpa mtoto michezo na muziki bila bili ya kila mwezi, ilikuwa jibu. Hata hivyo ilikuwa na Wi-Fi. Mwaka 2010 ikapata kamera na FaceTime, mwaka uliofuata ujumbe wa iMessage, na tangu hapo aliyeinunua ili asisumbuliwe akawa anasumbuliwa kila palipo na intaneti. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoitetea kwa jina la utulivu. Laini si msumbufu. Msumbufu ni mlango, na iPod touch iliuacha wazi. iPod ya gurudumu, iliyoitwa Classic mwishoni, ndiyo iliyofunga mlango kweli, nayo ikaacha kuuzwa mwaka 2014. Zune HD ya Microsoft, ya 2009, haikumaliza miaka mitatu. Samsung ilijaribu Galaxy Player, simu iliyonyang'anywa simu; nayo ikapita. Mei 2022 Apple ikatangaza kuwa iPod touch itauzwa hadi akiba iishe.

Kenya na Tanzania vifaa hivyo havikupata mizizi mikubwa, na sababu naiona wazi. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, miezi michache tu kabla ya iPod touch, na simu ikageuka pochi. Nani atabeba kioo kisichotuma pesa? Nyimbo ziliingizwa kwenye memori kadi kibandani, zikachezwa kwa simu ileile.

Ila kicheza muziki kisicho na simu hakijafa. Kipo sokoni: kiredio cha bei nafuu, chenye FM, tundu la flashi na la memori kadi, spika moja, antena ya kuvuta. Hakina skrini ya kugusa wala mtandao. Mwenye baiskeli hukifunga kwenye usukani kwa mpira, na akikuta mlima anaongeza sauti.