Mashine ya Sikio Kinondoni na Temeke

Magomeni, Temeke na Kinondoni vilipangwa kuwa makazi ya Waafrika katika miaka ya 1950, Dar es Salaam ilipokuwa ikipokea watu wengi kutoka bara. Miaka hiyohiyo, mwishoni mwa 1952, viwanda vya Marekani vilianza kutia transista kwenye mashine za kusaidia kusikia. Kabla ya hapo mashine hizo zilitumia vali za kioo, na mvaaji alibeba betri zake mfukoni au kiunoni. Muda si mrefu mashine nzima ikaweza kukaa nyuma ya sikio. Vijana waliohamia vitongoji hivyo ndio waliokuja kuihitaji, na wengi wao walizeeka bila kuipata.

Uzee pekee hupunguza usikivu, lakini jiji nalo liliongeza ya kwake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilijaa mitambo ya kufuma, mitambo ambayo kelele zake huchosha masikio ya mtu anayeifanyia kazi zamu baada ya zamu. Keko kulikuwa na karakana za samani, na Chang'ombe viwanda. Dawa nazo zilichangia. Streptomaisini, iliyotibu kifua kikuu, inaweza kuua chembe za ndani ya sikio zisirudi tena. Kwinini huacha masikio yakivuma, ingawa mara nyingi hali hiyo hupita. Usaha wa sikio wa utotoni usiotibiwa hutoboa kiwambo cha sikio, na athari yake hufuatana na mtu hadi uzeeni.

Nyumbani hayo yote hayakuitwa ugonjwa. Ilisemwa tu kwamba mzee hasikii vizuri, na watu wakapaza sauti. Dawa hiyo ina kasoro. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile zinazobeba f, s na sh, huku irabu zikibaki. Mzee husikia kwamba amesemeshwa, ila hatofautishi "fika" na "shika". Anayempigia kelele huongeza irabu alizokwisha kuzisikia, na mzee hukasirika kuona anafokewa.

Huduma za uziwi nchini zilianzia shuleni, si kwa wazee. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963, na ya Buguruni, jirani kabisa na Temeke, mwaka 1974. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa mtoto asiyesikia hukosa lugha yenyewe, lakini mzee aliachwa pembeni. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, iliyozungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, haikumaliza tatizo: kusamehewa ada ya kumwona daktari ni jambo moja, kununua mashine na betri zake kila mwezi ni jingine. Mwanzoni mwa karne hii Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea waliokuwa na mashine hawakufika hata mtu 1 kati ya kila 40 walioihitaji.

Mwaka 1996 zilitoka mashine za kwanza za kidijitali zinazovaliwa sikioni zikauzwa kwa wingi. Badala ya kukuza kila kitu kwa pamoja, hizi hugawa sauti na kuinua zile tu zilizopungua kwa mvaaji. Kwa hiyo kuchagua mashine kukawa kazi ya vipimo. Kwanza sikio hukaguliwa na kutolewa nta, maana kuna wazee ambao tatizo lao huishia hapo. Kisha usikivu hupimwa katika chumba tulivu, na kipande cha plastiki hufinyangwa kufuata umbo la tundu la sikio. Kipande kisipokaa sawasawa, sauti huvuja na mashine hupiga mluzi. Wiki chache baadaye mzee hurudi kurekebishiwa. Kwa mkazi wa Mbagala au Bunju hizo ni safari kadhaa za mjini, na hapo ndipo vikuza sauti vya bei nafuu vya madukani vilipopata soko. Vikuza hivyo huinua honi za daladala na mazungumzo kwa kipimo kimoja, na mara nyingi huishia kabatini.

Hospitali ya Muhimbili ilifanya upasuaji wake wa kwanza wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio mwaka 2017, kazi ambayo awali wagonjwa walipelekwa India kuifanyiwa. Hata hivyo upandikizaji ni wa uziwi mkubwa. Mzee wa kawaida wa Temeke anahitaji kitu kidogo zaidi ya hapo, tena si lazima kiwe kidogo kwa umbo. Mashine zinazozama ndani ya sikio hupendwa kwa kuwa hazionekani, lakini huzibwa na nta, huathiriwa na jasho la pwani, na hutumia betri namba 10, yenye kibandiko cha njano, ambayo vidole vilivyokakamaa huiangusha. Ya nyuma ya sikio inayotumia namba 13, ya rangi ya chungwa, au 675, ya buluu, hushikika na hudumu muda mrefu zaidi. Betri hizi huanza kupungua nguvu mara kibandiko kinapobanduliwa, hata mashine ikiwa imezimwa, hivyo hazibanduliwi kabla ya haja. Mashine mpya za kuchaji humwondolea mzee kazi ya kubadili betri, mradi umeme wa mtaani haukatiki usiku kucha.