Anunue Sasa au Angoje?

Mdogo wangu huko nyumbani Kaaleng ameuza mbuzi ili anunue kompyuta Lodwar. Sasa anasita: angoje toleo jipya?

Nimemsimulia habari za Osborne 1, kompyuta ya kubeba ya kilo 11 hivi, iliyotoka Marekani mwaka 1981 kwa dola 1,795. Mwaka 1983 kampuni ilitangaza mrithi wake mapema mno. Wateja wakaamua kungoja, mauzo yakashuka, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika, ingawa ushindani na madeni navyo vilichangia. Aliyenunua 1981 alikuwa ameshafanya kazi miaka miwili.

Nimemwambia anunue, ila ahakikishe inakubali Windows 11. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, na mbuzi wameshauzwa. Nyie mngemshaurije?