Matuta ya Amri na Ukimya wa Wazee wa Usukumani

Afisa wa uhifadhi akishuka kwenye gari la serikali katika vijiji vya huku Usagara, Usukumani, wazee humwamkia, humpa kiti, kisha hunyamaza. Vijana ninaowafundisha kazi hiyo huudhania ukimya huo kuwa uzembe. Mimi nilikuwa bwana shamba hadi nilipostaafu, na babu yangu alilala lokapu kwa sababu ya matuta. Ukimya huo naujua ulikotoka.

Mwaka 1947 serikali ya mkoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, makao yake Malya. Hofu yake haikuwa ya uongo: watu na ng'ombe walikuwa wameongezeka, na mvua ilikuwa inasomba udongo wa vilimani. Basi zikashuka amri mfululizo. Mkulima alitakiwa alime matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, atie samadi, apande mihogo ya akiba, apunguze mifugo. Kitaalamu matuta yale yalikuwa sahihi. Hata leo ningemshauri mtu ayalime. Lakini amri hizo zililetwa na wanangwa, wakuu wa vijiji, kwa niaba ya watemi, na aliyekaidi alipigwa faini au kufungwa. Ng'ombe aliyetakiwa kuuzwa ndiye aliyekuwa mahari ya kijana na tumaini la familia mwaka wa njaa. Babu alisema jembe halikumuuma mkono hata siku moja. Kilichomuuma ni kuamrishwa mbele ya watoto wake, kwenye shamba alilolisafisha mwenyewe.

Hasira hiyo ikaingia kwenye siasa. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 maelfu ya watu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga utawala waliotwishwa. Amri za kilimo zilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Mkoloni akarudi nyuma, na matuta yakaachwa katika mashamba mengi. Watu hawakuyaacha kwa kuuchukia udongo wao. Waliyaacha kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuwa alama ya kudhalilishwa.

Nilipoanza kazi nilikuta jeraha jipya juu ya la zamani. Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, ya kuwakusanya watu vijijini, familia zilihamishwa kwa haraka, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi. Waliacha maboma yao, makaburi, na pia ngitili, yale malisho ambayo Msukuma huyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Mtu aliyetolewa hivyo kwake, ukimfuata na miche ya miti, kwanza atakuuliza kimoyomoyo: na hapa mtanitoa lini?

Dawa ya jeraha hilo ilipatikana hapo jirani, mkoani Shinyanga. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Maendeleo makubwa yalianza pale wataalamu walipowauliza wazee wenyewe walikuwa wakihifadhi vipi zamani. Wazee wakataja ngitili. Miti ikaachwa ichipue kutoka visiki na mbegu zilizokuwamo ardhini, na sheria ndogo zikasimamiwa na vijiji na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Kutoka takriban hekta 600 mwaka 1986, ngitili zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Udongo ulikuwa uleule, na watu ni walewale waliowahi kuitwa wakaidi. Safari hii waliaminiwa.

Hata hivyo somo hilo husahaulika upesi. Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, iliyolenga ujangili, ilisitishwa baada ya malalamiko ya raia kuteswa na kuuawa, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu, hapa Ziwa Victoria. Nyavu za kokoro na timba huua samaki wachanga, na lazima zikomeshwe. Lakini kwa mvuvi aliyeshuhudia nyavu zikiteketezwa mwaloni, moshi ule ulikuwa mkopo wake na ada za wanawe. Leo kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, inapomwita mkutanoni, hukaa karibu na mlango.

Wala askari hawajasalimika. Pale Pasiansi, Mwanza, vijana hufundishwa kazi ya askari wanyamapori tangu miaka ya 1960. Ni kazi ya kuviziwa porini na kuzika wenzako. Aliyerudi doria na kiwewe asichoweza kumsimulia mtu, hukitua mgongoni kwa mwanakijiji wa kwanza atakayekutana naye.

Mwaka 2014 shirika la SAMHSA la serikali ya Marekani lilitoa mwongozo wa kuhudumia watu wenye majeraha ya aina hii. Misingi yake ni sita: usalama, uwazi unaojenga imani, kusaidiana kwa waliopitia yaleyale, kushirikiana, kumpa mtu sauti na hiari, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Uliandikwa kwa ajili ya huduma za afya ya akili na uraibu, lakini mimi nausoma na kuiona dagashida.

Ndiyo maana nasisitiza mafunzo yetu ya uhifadhi yaanzie kwenye historia ya kijiji, kabla ya vifungu vya sheria. Kijana aketi na wazee wa kike na wa kiume, aulize nani alifungwa, nani alihamishwa, nyavu za nani zilichomwa, na asikilize bila kuitetea serikali. Akija na amri, aeleze sababu yake, mipaka yake, na mahali pa kulalamika. Naye akitoka doria, awepo mtu wa kumsikiliza kabla hajapangiwa nyingine. Kazi hii huchukua miezi, na wafadhili hupenda kuhesabu miche. Lakini Usukuma umekwisha kutuonyesha gharama ya njia ya mkato: matuta mazuri yaliyolimwa kwa faini yaliachwa mara tu faini ilipoondoka.