Amplifaya ya motokari: nusu karne ya kugombania betri

Kamina iliijua sauti nzito kabla ya kuijua besi ya umeme. Katika mji huu wa reli, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alianzisha kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin mwaka 1953. Miaka mitano baadaye Missa Luba yao ikarekodiwa na kupigwa hadi Ulaya. Ngoma za misa ile hazikuhitaji waya hata mmoja.

Muziki wa siku hizi unauhitaji. Penye harusi au baa ya nganda isiyofikiwa na umeme wa shirika la SNEL, njia mojawapo Kongo ni betri, amplifaya ya motokari na bafle. Kwa hiyo ubishi ambao kwingine ni wa vijana wa kupamba magari, hapa unamhusu hata mwenye viti vya kukodisha: ya kusukuma sabufa ni ipi, amplifaya kubwa ya zamani au ndogo ya sasa?

Sabufa ina ulafi wake. Noti ikishuka oktavu moja, koni ya spika hulazimika kwenda mbele na nyuma umbali wa mara nne ili nguvu ya sauti ibaki ileile. Sikio nalo ni zito kwa sauti za chini. Ndiyo maana besi humeza umeme kuliko sauti ya mwimbaji na gitaa, na betri ya motokari ina volti 12 tu za kugawa.

Tatizo hilo lina umri sawa na redio ya gari yenyewe. Kampuni ya Galvin ya Chicago ilipoanza kuuza redio za Motorola mwaka 1930, valvu zake zilitaka volti nyingi kuliko betri ilizoweza kutoa. Muda si mrefu mafundi wakabuni kifaa chenye ulimi wa chuma unaotetema, ukikata na kuunganisha mkondo ili transfoma iupandishe. Mwaka 1955 Chrysler na Philco wakatoa redio ya gari ya transista tupu. Ulimi wa kutetema ukastaafu, maana transista ziliridhika na volti za betri. Lakini ziliridhika pia na sauti ndogo: hata injini ikiwaka na volti zikafika 14.4, redio isiyopandisha volti haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya wati 20 na ushei.

Waliovunja ukuta huo ni watengenezaji wa miaka ya 1970 na 1980, kama Rockford Fosgate ya Arizona. Walirudia wazo la zamani kwa zana mpya: transista za kasi zikakata mkondo wa betri makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na transfoma ya duara ikapandisha volti. Hizo ndizo amplifaya za klasi AB ambazo wazee wa fani huzisifia mpaka leo. Nyingi zilitoa wati zaidi ya zilizoandikwa. Transista zake ni kubwa na zimebanwa kwa skrubu, hivyo fundi mwenye pasi ya kulehemu na mita huzibadilisha bila shida. Ubaya wake ni joto. Lile gamba zito la alumini lenye mapezi lipo kwa sababu sehemu kubwa ya umeme unaoingia haitoki kama muziki.

Dawa ya joto ilifikiriwa mapema. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza amplifaya ya klasi D, X-10, ambayo transista zake ama zimewaka kabisa ama zimezimika kabisa, bila kukaa katikati kama za klasi AB. Haikufanikiwa, kwani transista za siku hizo hazikuwa na kasi ya kutosha. Mpaka mwisho wa miaka ya 1990 klasi D ilikuwa imeingia magarini, na ilianza na sabufa kwa sababu besi huishia chini, penye herzi mia na kidogo, na haidai kasi kubwa.

Tupige hesabu. Besi ya wastani inataka wati 50, na vilele vinavyopanda juu zaidi. Katika kiwango hicho klasi AB hutumia vizuri karibu asilimia 25 tu ya umeme, kwa hiyo inavuta wati 200, karibu ampea 17. Klasi D, kwa asilimia 70, inavuta ampea 6. Chukua betri ya ampea-saa 100 ambayo hutaki ishuke chini ya nusu: ya zamani itakupa saa 3, ya sasa saa 8. Huo ndio usiku mzima wa harusi.

Lakini usasa umekuja na uongo wake. Tangu 2003 upo utaratibu wa Marekani wa kupima wati, uliotolewa kwa jina la CEA-2006, ila amplifaya nyingi za bei rahisi haziufuati. Iliyoandikwa wati 3000, tazama fyuzi yake. Ikiwa ni ya ampea 30, zidisha kwa volti 14.4, toa upotevu: haizidi wati 350. Na waya wake uukwangue kwa kisu. Shaba ya Katanga ilipita Kamina kwa treni za kampuni ya reli ya BCK kuelekea Ilebo tangu 1928, lakini waya nyingi zinazouzwa pamoja na vifaa hivi ni alumini iliyopakwa shaba juu, nazo zinahitaji unene zaidi kupitisha mkondo uleule.

Basi mwenye gari linalowaka injini muda wote, na fundi wa karibu, asiitupe klasi AB yake. Akabadilishe kapasita zilizokauka. Anayepiga muziki kwa betri iliyowekwa chini, achukue klasi D yenye fyuzi inayolingana na maandishi. Dukani asimuulize muuzaji ni wati ngapi kabla hajajua ni ampea ngapi.