Jumbe Alihesabu Vibanda, LUKU Inahesabu Mita

Wadau, kuna watu wanadhani kodi ya jengo ni mambo ya juzi, eti ilizaliwa Agosti 2021 ilipoanza kukatwa kwenye umeme. Wapi! Kule Handeni na Korogwe wazee waliijua tangu enzi za Mjerumani.

Amri ya kodi ya vibanda ilitoka mwaka 1897, ikaanza kutumika 1898. Ukadiriaji wenyewe ulikuwa rahisi mno: hesabu paa. Jumbe anapita kijijini, akida anasimamia, kibanda kimoja rupia 3. Hakuna aliyeuliza mwenye nyumba kavuna nini, na Uzigua ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kupigwa na nzige na njaa. Mwanzoni walipokea hata mazao au kazi, baadaye wakataka fedha taslimu. Sasa rupia utaitoa wapi Handeni? Ndipo wanaume wakateremka kwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe, ambako reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1902. Mimi naamini hiyo ndiyo ilikuwa shabaha hasa: kumtoa mtu shambani kwake. Rupia zilikuwa nyongeza.

Mwingereza naye mwaka 1922 akaweka kodi ya nyumba na ya kichwa. Mwenye wake watatu, kila mmoja na kibanda chake, alilipia vyote. Juu kidogo ya reli, Upareni, walipoanza kukadiria utajiri wa mtu badala ya paa (wenyewe waliita mbiru), maelfu waliandamana hadi Same mwaka 1945. Jamaa walitaka kujua umejuaje mali yangu!

Leo hakuna jumbe. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida yenye mita hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, ghorofa 7,500 kwa kila sakafu. Kichekesho ni kwamba nyumba ya udongo au nyasi ya kuishi, ileile aliyoanza nayo Mjerumani, sheria imeisamehe.

Sisi wapangaji je? Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba, ila anayenunua umeme ni wewe. Serikali ilisema tumalizane wenyewe. Nimeshahama nyumba mbili tangu utaratibu huu uanze, na hakuna mwenye nyumba aliyenipunguzia hata shilingi kwenye kodi ya pango.