SEHEMU YA 4: BAKTERIA NAO WANATAFUTA CHUMA



Baada ya sehemu ya 3 swali lililorudi sana ni hili: "Nesi, mtoto anaumwa na damu yake ni ndogo, mbona dawa ya kuongeza damu hamjampa bado?" Swali zuri. Jibu lake lina historia, na historia yenyewe inaanzia kwenye yai.

Mwaka 1944 huko Marekani, watafiti Arthur Schade na Leona Caroline walikuwa wanaangalia kwa nini bakteria hawastawi kwenye ute mweupe wa yai bichi. Wakaongeza vitu mbalimbali, wapi. Walipoongeza chuma, bakteria wakaanza kukua. Kumbe ute ule una kitu kinachokamata chuma na kukificha. Mwaka 1946 wakaonyesha kwamba hata damu ya binadamu ina kitu cha aina hiyo. Leo tunakiita transferini.

Elewa hapo, mama. Chuma unachokijua kuwa ni cha damu, karibu bakteria wote wanaotuletea magonjwa wanakihitaji pia ili waongezeke. Mwili unalijua hilo, kwa hiyo hauachi chuma kizurure. Unakifungia, kama wewe unavyofungia sukari kabatini watoto wasiifikie. Na mtoto akipata maambukizi, mwili unakificha zaidi, kiasi kwamba chuma kwenye damu kinashuka.

Sasa bakteria wanakipataje? Mwaka 1952, J. B. Neilands wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitenga kutoka kwenye kuvu kitu kidogo kinachoshika chuma kwa nguvu sana. Vitu vya jamii hiyo vinaitwa siderofori, neno la Kigiriki lenye maana ya mbeba chuma. Halafu mwaka 1970, timu mbili tofauti, moja ya Neilands na nyingine ya Australia, zikakuta siderofori moja ileile kwa bakteria wa tumbo: hawa kwenye salmonela, wale kwenye E. coli. Ndiyo, E. coli huyuhuyu wa UTI na kuharisha.

Kazi yake iko hivi. Bakteria anaitoa siderofori nje ikiwa tupu. Inazunguka, inanyakua chuma hata kile kilichoshikwa na transferini, kisha inarudi na kuingia kwa mlango wake maalumu kwenye ganda la bakteria. Mwili nao haukukaa kimya: mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba chembe nyeupe za damu zina protini inayoikamata siderofori hiyo njiani. Salmonela akajibu kwa kuivisha yake sukari ili isikamatike. Yaani ni vita kwelikweli!

Na wewe unayenyonyesha umo kwenye vita hii. Mwaka 1972, J. J. Bullen na wenzake Uingereza walionyesha kwamba maziwa ya mama yanazuia E. coli kuongezeka, kwa sababu yana laktoferini, protini inayoshika chuma. Walipoyajaza chuma cha kutosha, uwezo huo ukapotea. Laktoferini iko nyingi zaidi kwenye yale maziwa ya kwanza ya njano. Kwa hiyo bibi akikwambia uyakamue uyamwage, mjibu kwa adabu, lakini usiyamwage.

Sasa tuje nyumbani. Kisiwani Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa chuma na foliki asidi watoto wa mwezi 1 hadi miezi 35, zaidi ya watoto 24,000, bila kuwapima kwanza damu. Agosti 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa kabla ya wakati. Matokeo yaliyotoka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi, kwa takriban asilimia 12. Pale Pemba malaria ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo, siyo bakteria peke yao. Lakini sikiliza na upande wa pili: katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Ndiyo maana leo Shirika la Afya Duniani linasema, penye malaria, chuma kiende pamoja na kuzuia, kupima na kutibu malaria.

Na ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo mkali akilazwa, siku za mwanzo hatumpi chuma. Tunatibu maambukizi kwanza na kumlisha, akianza kula vizuri na kuongezeka uzito ndipo chuma kinaingia. Hatujamsahau.

Usije ukaelewa vibaya ukaacha dawa. Upungufu wa damu unaua na unadumaza. Mjamzito, meza vidonge vyako vya kliniki kila siku. Mtoto aliyepimwa na kuandikiwa, mpe kama ulivyoelekezwa mpaka dozi iishe. Usichofanya ni kununua sirapu ya damu dukani kwa sababu tu mtoto kapauka, hasa akiwa na homa. Mlete apimwe.

Na vidonge viweke juu, mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi ni sumu, kimbilia hospitali hapo hapo. Dawa moja tunayotumia kuondoa chuma kilichozidi mwilini, desferioksamini, asili yake ni siderofori ya bakteria wa udongoni. Silaha ya bakteria imegeuzwa kuokoa watoto.

Maswali weka hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 5 tutaongelea vyakula vyenye chuma, na kwa nini chai tusiinywe pamoja na chakula.