Mioyo Miwili Chini ya Taji: Historia ya Vifungo vya Mkono

Mwaka 1662 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alimwoa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno. Katika mali aliyokuja nayo bibi harusi vilikuwemo visiwa vya Bombay, bandari iliyokuja kuzoeleka sana na mabaharia wa Afrika Mashariki waliosafiri kwa pepo za kusi. Ndoa hiyo inahusishwa na kumbukumbu nyingine, isiyozidi ukucha wa kidole gumba: vifungo vya fedha vya mikono ya shati, vilivyochorwa mioyo miwili chini ya taji moja. Hadi leo watafutaji wa vitu vya kale huvifukua katika mashamba ya Uingereza, aghalabu kimoja kimoja. Kila kifungo kilikuwa na mwenziwe, na mwenziwe amepotea.

Kabla ya zama hizo wanaume wa Ulaya walifunga mikono ya mashati yao kwa utepe au kwa uzi. Mwishoni mwa karne ya 17 ndipo vilipoenea vifungo viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo mfupi, vikapitishwa katika matundu ya pande mbili za nguo. Tofauti yake na kifungo cha kawaida ni moja, nayo ni kubwa: hakikushonwa. Shati likichakaa, kifungo hubaki. Kwa hiyo kiliweza kutunukiwa, kurithiwa, kuwekwa rehani, na kuchongwa jina la mtu asiyetaka kusahauliwa.

Karne ya 19 ndiyo iliyokipa kifungo hiki enzi yake. Mashati ya heshima yalitiwa wanga na kupigwa pasi hata pindo za mikono zikawa ngumu kama ubao. Pindo lililokunjwa mara mbili lilikuwa na tabaka nne za nguo za kupenya, na kifungo cha kushonwa hakikuiweza kazi hiyo. Muungwana, katika asili ya neno hili pwani, ni mtu aliye huru, asiye mtumwa wa mtu. Muungwana wa London naye alitangaza uhuru wake kwa weupe wa pindo: mkono usioshika makaa, jembe wala ndoo. Lakini nyuma ya kila pindo jeupe palikuwa na mikono mingine, ya wanawake wafuaji waliosimama juu ya maji ya moto, mikono ambayo haikuvaa kifungo chochote.

Enzi hiyo haikubaki kwa mabwana peke yao. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hati ya ugunduzi wa kupaka chuma hafifu fedha au dhahabu kwa umeme. Mashine nazo zikapiga chapa vifungo kwa wingi. Karani wa mshahara mdogo, aliyevaa pindo za kubandika ili asifue shati zima, naye akaweza kung'aa mkononi. Anayetaka kujua kipi ni fedha halisi hutazama mgongo wa kifungo. Simba anayetembea ni ushahidi wa sehemu 925 za fedha katika kila 1000, na herufi hutaja mwaka. Nanga ni alama ya Birmingham tangu ofisi yake ya kupima madini ilipofunguliwa mwaka 1773, ingawa mji huo hauna bahari.

Vifungo vilibeba pia msiba. Alipofariki Albert, mume wa Malkia Victoria, mwaka 1861, malkia alivaa nyeusi hadi kufa kwake mwaka 1901, na watu wake wakafuata mtindo wa maombolezo. Palikuwa na vifungo vya rangi nyeusi, na vingine vilivyohifadhi nywele za marehemu chini ya kioo. Mwanamume ambaye adabu ya zama zake ilimkataza kulia hadharani aliweza kuuvaa msiba wake mkononi.

Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 mashati yalilainika, wanga ukapungua, kifungo cha kushonwa kikarudi. Vifungo vya kale vikaingia makasha ya wajukuu. Mwanzoni mwa mwaka 1980 bei ya fedha ilipanda hadi karibu dola 50 kwa aunsi, na vitu vingi vya kale vya madini hayo vikapelekwa kuyeyushwa. Kiswahili kina neno moja kwa madini na kwa pesa, na mwaka ule neno hilo lilitimia: fedha ikawa fedha. Mizani ilipima uzito, haikupima majina yaliyochongwa.

Charles na Catherine hawakujaliwa mtoto aliyeishi, na mfalme alikuwa na wengi kwa wanawake wengine. Mioyo miwili ya vifungo vile ilishikamana kuliko ya wenyewe. Vilivyobaki udongoni havikufika kwenye tanuri, na taji lao lingali linasomeka.